Namna ya Kufumbua Wimbo wa Mapenzi na Majuto

Swali huja kwa sura nyingi, lakini ni lile lile. "Huu wimbo una maana gani hasa?" "Mwenzangu wa zamani ameuweka kwenye stetasi, anajuta au ananisema?" "Mbona ubeti wa kwanza anasema anapenda, wa tatu anaaga?" Nimekuwa nikiwajibu watu mmoja mmoja, na kila mara najikuta nasema maneno yale yale, basi nimeyaandika yote hapa, hatua kwa hatua, ili mtu akae na wimbo wake aufanyie kazi mwenyewe.

Mwongozo huu ni wa nyimbo za Kiswahili: taarabu, dansi la zamani, zilipendwa, hadi nyimbo za vijana wa leo. Na nina jambo moja ninalolishikilia toka mwanzo hadi mwisho: majuto kwenye wimbo wa Kiswahili hayakai kwenye neno "majuto". Mtunzi mzuri anaweza kuimba dakika saba za majuto bila kulitaja neno hilo hata mara moja. Majuto yanakaa ndani ya kitenzi, kwenye vile viambishi vidogo tunavyovipita haraka. Ukijua kuvisoma, nusu ya kazi imekwisha.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Wimbo mmoja tu. Usianze na albamu nzima.
- Daftari na kalamu mbili za rangi tofauti. Simu inaandika, ndiyo, lakini mkono unapoandika polepole ndipo sikio linapokamata.
- Spika za masikioni. Kwenye taarabu, fidla na kinanda hufunika silabi za mwisho, na silabi za mwisho ndizo zenye vina.
- Kamusi. Ninayoitumia zaidi ni Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya TUKI, iliyotoka kwanza mwaka 1981. Kamusi Kuu ya Kiswahili ya BAKITA ya mwaka 2015 nayo ni nzuri kwa maneno mapya.
- Mtu mzima mmoja, hasa wa pwani kama wimbo ni wa pwani. Kiswahili cha santuri alizorekodi Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa Zanzibar, kule Bombay mwaka 1928 si Kiswahili cha darasani, na kuna maneno ambayo kamusi itakupa maana yake lakini bibi wa Pangani au Lamu atakwambia lilikuwa likisemwa wapi na nani.
- Saa moja isiyo na usumbufu.

Pia unahitaji wimbo wa kujifunzia ambao hauna kelele za umaarufu wake. Nimetunga beti mbili kwa kazi hiyo, na nitazirudia kila hatua:

*Asumini nalipanda, uani kwetu nyumbani,*
*Kwa mapenzi nikalinda, asubuhi na jioni,*
*Safarini nikaenda, ufunguo mlangoni,*
*Ningalijua e nyonda, singalitoka uani.*

*Nimerudi nimekonda, harufu i kwa jirani,*
*Kuna aliyeipenda, kaifunga kikubani,*
*Kosa langu limetanda, si lako wewe mwendani,*
*Nabaki kung'ata chanda, ufunguo mkononi.*

Zisome kwa sauti mara moja kabla hujaendelea.

Hatua ya 1: Sikiliza mara tatu bila kuandika chochote

Mara ya kwanza sikiliza sauti tu. Mara ya pili sikiliza kiitikio. Mara ya tatu sikiliza ni mstari gani unaokusimamisha.

Hili la mstari unaokusimamisha nimejifunza kwa shangazi yangu. Alikuwa na redio ya kaseti juu ya kabati la vyombo, na jioni akikuna nazi kwa ajili ya wali, redio inaimba. Mkono wake ulikuwa unakwenda na ngoma: kwaru, kwaru, kwaru, machicha yanashuka kwenye sinia. Kuna wimbo mmoja, kila ukifika ubeti wa tatu, mkono unasimama. Kifuu kimebaki kwenye meno ya mbuzi, macho yako ukutani. Mstari ukipita, anaendelea kukuna. Kiitikio, ambacho mtaa mzima ulikuwa unakijua, yeye alikuwa anakipita bila hata kutikisika. Siku moja nikamuuliza, "Shangazi, mbona unasimamaga hapo?" Akanijibu, "Mwanangu, wimbo wenyewe ni hapo. Kule kwingine wanapita tu."

Kiitikio hutungwa ili watu waimbe pamoja, kwa hiyo mara nyingi kinabeba hisia ya jumla: nakupenda, naumia, rudi. Siri ya wimbo, tukio lenyewe lililovunja mambo, hukaa ndani ya ubeti, na mara nyingi ubeti wa pili au wa tatu. Weka alama mstari uliokusimamisha. Utaurudia mwishoni.

Hatua ya 2: Andika maneno kwa mkono wako mwenyewe

Usinakili maneno uliyoyakuta kwenye intaneti. Mengi yameandikwa na watu waliosikia vibaya, na kosa la silabi moja linapindua maana. Andika unachokisikia, hata kama hukielewi. Pasiposikika, acha nafasi, usijaze kwa kubahatisha.

Mfano ambao karibu kila mtu anaujua ni Malaika, wimbo ambao Fadhili William aliurekodi mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kuna mahali mwimbaji anasema "kidege, hukuwaza kidege". Wengi huandika "nakuwaza", kwa sababu ndivyo tunavyosema sisi leo. Lakini "hukuwaza" ina kazi yake. Ukiichukua kama hu- ya mazoea, maana yake ni kwamba kila siku, kila wakati, mimi ni wa kukuwaza wewe. Ukiichukua kama kikanushi cha nafsi ya pili, maana yake ni kwamba wewe hukufikiri. Herufi ni zile zile. Ya kwanza ni mahaba, ya pili ni lawama. Kwa jinsi wimbo unavyokwenda, na kwa upole wa jina kidege, mimi nashika ya kwanza bila wasiwasi. Lakini aliyeandika "nakuwaza" hakupata hata nafasi ya kuliona swali lenyewe.

Angalia: usisahihishe Kiswahili cha mwimbaji. Akisema "nalipanda" andika "nalipanda", usigeuze iwe "nilipanda". Akisema "singalitoka", usimpe "nisingalitoka". Kwa watu wa pwani hiyo ndiyo lugha, na wakati mwingine ndiyo mizani. Hesabu mwenyewe: kila kipande cha mshororo hapo juu kina mizani nane, yaani silabi nane, na "nisingalitoka uani" ingekuwa na tisa.

Hatua ya 3: Nani anasema, na anamwambia nani?

Shuleni tuliita nafsineni na nafsinenewa. Majina hayana umuhimu sana, swali ndilo lenye umuhimu. Chukua kalamu ya rangi ya pili, pembeni ya kila mshororo andika: mimi, wewe, yeye, wao.

Kwenye beti zetu mwimbaji anaanza kwa kusimulia: asumini nalipanda. Hakuna "wewe" hapo. Mshororo wa nne ghafla anaita, "e nyonda", yaani ewe mpenzi. Kwa hiyo ua na nyonda ni mtu mmoja, ila mwimbaji alikuwa anaogopa kumtazama usoni. Alizungukia bustani mishororo mitatu kabla ya kumwita. Ubeti wa pili anafanya vile vile, anazunguka kwa jirani kwanza, kisha "si lako wewe mwendani". Mtu anayejuta kweli mara nyingi huongea hivi hata nje ya wimbo.

Kiswahili hakitofautishi mwanamume na mwanamke kwenye kitenzi. "Ananipenda" ni yeyote. Kwa hiyo tafuta alama nyingine: kuoa na kuolewa ndiyo alama iliyo wazi zaidi, halafu kikuba, kanga, ndevu, mahari, jina. Ikikosekana kabisa, iache wazi. Huenda mtunzi aliificha kwa makusudi, ili mume na mke wote waimbe.

Angalia makosa mawili hapa. La kwanza ni kudhani sauti ndiyo nafsi. Miriam Makeba alipouimba wimbo ule wa Malaika alisema "ningekuoa", na anayesema bado ni kijana wa kiume asiye na mali. La pili ni kudhani mwimbaji anasimulia maisha yake. Utunzi wa wimbo huo huo umegombaniwa miaka mingi na zaidi ya mtu mmoja. Ukijenga tafsiri yako juu ya maisha ya mtunzi, utajenga juu ya maisha ya nani? Soma wimbo kwanza. Habari za mtunzi zije baadaye, kama zipo na ni za hakika.

Hatua ya 4: Pigia mstari kila kitenzi, kisha soma viambishi

Hii ndiyo hatua kubwa. Ukiwa na dakika sitini, tumia thelathini hapa.

Anza na -nge- na -ngali-. Hapa ndipo majuto yalipojificha. Wahenga walisema "ningalijua huja nyuma", na ukiitazama methali hiyo utaona wamechukua kitenzi kizima, na kiambishi chake, wakakifanya kuwa jina la majuto. Kisarufi, -nge- ni ya jambo ambalo halipo ila mlango wake haujafungwa: ningekuwa na pesa ningekuoa, pesa zikija kesho tunaoana. -ngali- ni ya jambo lililokwisha kupita: ningalijua singalitoka; nilitoka, basi, imekwisha. Kwenye ubeti wetu "ningalijua e nyonda, singalitoka uani" haina nafasi ya kurudi. Mwimbaji alikwisha kutoka.

Sasa turudi kwa kijana wa Malaika. "Nashindwa na mali sina, ningekuoa." Watu huuweka wimbo huu kwenye orodha za nyimbo za majuto, nami sikubaliani nao. Hakuna kosa alilolitenda yule kijana. Hakuna jambo lililopita analotamani kulifuta. Ana -nge- yake, ana umaskini wake, na mali anayoitaja kwa watu wengi ni mahari. Huo ni unyonge, na ndani yake bado kuna matumaini. Ndiyo maana unaimbwa harusini na hakuna anayeona vibaya, ingawa ukiusikiliza vizuri ni wimbo wa mtu aliyeshindwa kuoa.

Angalia: kwenye mazungumzo ya leo tunachanganya. Mtu anasema "ningejua nisingekuja" na alikwisha kuja. Mtunzi pia anaweza kuchagua -nge- kwa sababu -ngali- ina silabi ya ziada na mizani imemjaa. Kwa hiyo usitundike tafsiri yote kwenye -nge- peke yake. Tafuta kitenzi kingine kinachoithibitisha.

Viambishi vingine vya kutazama:

-li- na -me-. "Uliniacha" ni habari iliyosimuliwa, kidonda kinaweza kuwa kimekauka. "Umeniacha" bado kiko wazi, nimeachwa hadi sasa ninapoimba. Kwenye ubeti wa pili, "nimerudi nimekonda" na "kosa langu limetanda" zote ni -me-. Safari ilikwisha, lakini kukonda na kosa vipo hapa leo.

Siku- na sija-. "Sikukusahau" na "sijakusahau" zinafanana kwa haraka, lakini ya pili ina "bado" ndani yake. Ukikuta sija- nyingi kwenye wimbo wa kuachana, mwimbaji hajaachana.

-ka-. Hii ndiyo inayokuonyesha mfuatano wa mambo, na kwenye majuto mfuatano ni kila kitu. Nalipanda, nikalinda, nikaenda. Alipanda na kulinda kabla ya kwenda, kwa hiyo si mtu aliyekuwa hajali. Alijali, kisha akaondoka. Majuto yake ni mazito kwa sababu hiyo. Tahadhari na ka- iliyo mwanzo wa neno kama "kaifunga": kwenye nyimbo mara nyingi ni "ameifunga" au "akaifunga" iliyokatwa kwa ajili ya mizani.

Na "nalipanda" isikuchanganye. Mwanafunzi mmoja aliwahi kuisoma kama "ninalipanda", sasa hivi. Lakini asumini hapa ni ya ngeli ya i-, ingekuwa "naipanda". Kwa hiyo -li- hapo ni wakati uliopita, "nalipanda" ni "nilipanda" ya pwani. Ngeli hukuokoa mahali ambapo kamusi haikusaidii.

Mwisho tazama kama kuna ombi: nisamehe, urudi, unipokee, tusahau. Kitenzi cha namna hii, kinachoishia na -e kama "unipokee" au kinachobaki na irabu yake kama "urudi", ni mkono ulionyooshwa. Sasa rudi kwenye beti zetu utafute ombi. Halimo. Mwimbaji anakiri, anaondoa lawama kwa mwenzake, anabaki na ufunguo. Hakuomba kitu. Mimi kwangu hilo ndilo linaloumiza kuliko kung'ata chanda, yaani kidole, na kukonda.

Hatua ya 5: Fumbua mafumbo, moja moja

Usiulize tu "ua maana yake nini". Kila mtu anajua ua ni mpenzi. Uliza ua liko wapi na limefanywa nini.

Asumini ikiwa mtini, ni mtu ambaye hajachukuliwa. Ikiwa kwenye kikuba, yaani imefungwa pamoja na majani ya rehani na maua mengine na kubandikwa kifuani au kwenye nywele, imeingia kwenye mambo ya chumbani. Kwa hiyo "kaifunga kikubani" haisemi kwamba jirani anampenda tu. Ni mke wake sasa. Na "harufu i kwa jirani" inauma zaidi kwa sababu harufu haina ukuta. Mwimbaji anainusa kila jioni.

Waridi lina miiba, kwa hiyo likija, tafuta damu au kidole. Ndege akija, tafuta tundu na kiota: aliyefunguliwa tundu na aliyeruka mwenyewe si sawa. Njiwa hutumwa na salamu. Ugonjwa, yaani ndwele, donda, homa, karibu daima una tabibu wake, na ukimpata tabibu umempata anayeimbiwa.

Bahari inahitaji maarifa kidogo. Zamani kaskazi ndiyo iliyoleta majahazi kutoka Arabuni na Bara Hindi hadi pwani yetu, na kusi ndiyo iliyoyarudisha. Wimbo ukisema kusi imeanza kuvuma, haukusimulii hali ya hewa. Mtu anaondoka, au ameshaondoka, na hatarudi kabla msimu haujageuka. Nanga iliyong'olewa, tanga lililotwekwa, chombo kilichopanda mwamba: zote hizi zina nahodha, na swali la majuto ni kama mwimbaji ndiye nahodha au ni abiria.

Ufunguo kwenye beti zetu si fumbo la kurithi, ni la wimbo wenyewe. Mafumbo ya aina hii yafumbue kwa kufuatilia: lilionekana wapi kwanza, wapi mara ya pili? Kwanza uko mlangoni, aliuacha, yeyote angeweza kufungua. Mwishoni uko mkononi, ameuchukua, lakini ndani hamna kitu. Aliyeondoka bila posa, bila ahadi, bila neno, aliacha ufunguo mlangoni. Ninavyousoma mimi ni hivyo. Wewe ukiwa na usomaji mwingine unaosimama kwenye maneno yale yale, shikilia wako.

Angalia: matunda. Embe bivu, nazi changa, chungwa la kumenya mara nyingi huzungumzia mwili na tamaa. Usiyabebe kwenye kadi ya harusi kabla hujamuuliza mtu mzima.

Hatua ya 6: Amua ni majuto ya namna gani

Zipo namna tatu ninazokutana nazo zaidi. Nimekosea mimi. Nimekosewa, najuta kukuamini. Sikuwa na uwezo, wazazi au pesa au umbali vilishinda. Ile ya tatu, kama nilivyosema, hata sipendi kuiita majuto.

Ya pili ndiyo inayowapoteza watu. "Ningejua nisingekupenda" kisarufi ni majuto matupu, lakini kidole kinamwelekea mwingine. Ni lawama iliyovaa kanga ya majuto. Kwenye taarabu inaweza kuwa kijembe kabisa, na mwenye kulengwa yumo ukumbini. Ukiwahi kukaa kwenye shughuli utaona: mshororo fulani ukifika, mama mmoja anainuka na noti mkononi, anakwenda kumtuza mwimbaji, anacheza taratibu na macho yake yako meza ya tatu. Wimbo haukutungwa kwa ajili yake, lakini usiku ule, mshororo ule ni wake, na wa meza ya tatu ameshaelewa.

Njia ya kupima ni rahisi. Tafuta sentensi ambayo mwimbaji anajitaja kuwa mwenye kosa: nilikosa, ni mimi, kosa langu, ulimi wangu, hasira zangu. Ikiwepo, ni namna ya kwanza. Isipokuwepo, na "wewe" zimejaa ukurasa kwa rangi yako ya pili, usimwambie mtu kwamba anaimbiwa msamaha.

Hatua ya 7: Sema wimbo kwa sentensi mbili za kawaida

Sentensi ya kwanza: nini kilitokea. Ya pili: mwimbaji anataka nini sasa. Zisiwe na ua, ndege wala bahari.

Kwa beti zetu: "Nilimpenda na kumtunza, nikasafiri bila kumfunga kwa ahadi yoyote, niliporudi nikakuta ameolewa jirani. Najua kosa ni langu na sidai kitu." Ukishindwa kuandika sentensi hizi mbili, kuna hatua uliiruka, na mara nyingi ni ya nne.

Kisha rudi kwenye ule mstari uliokusimamisha hatua ya kwanza. Je, umo ndani ya sentensi zako? Kama haumo, ziandike upya.

Ukikwama

*Kuna neno silisikii kabisa.* Tumia vina. Kama kipande cha kwanza cha kila mshororo kinaishia -nda, neno lililopotea nalo litaishia -nda, na maneno ya namna hiyo hayazidi machache yatakayoleta maana mahali pale. Hesabu na mizani. Nimeokota maneno mengi kwa njia hii kwenye kaseti zilizolika.

*Ubeti mmoja unapingana na mwingine.* Angalia kama msemaji amebadilika. Nyimbo za majibizano zina watu wawili, na kwenye rekodi za zamani sauti zinafanana. Kama msemaji ni yule yule, basi anapingana na nafsi yake, na hiyo ni maana tosha. Usimlazimishe kukubaliana na nafsi yake.

*Maneno ya Kiarabu yamenizidi.* Laazizi, muhibu, mahabuba, hidaya: haya ni majina ya mpenzi, yapite haraka. Yasiyopitwa haraka ni jitimai, ghururi, hiyana, toba. Haya yanabeba uzito wa ubeti. Yatafute moja moja.

*Wimbo ni wa vijana, una maneno ya mtaani.* Muulize kijana wa mji ule ule na wa miaka ile ile. Neno la mtaani la Dar es Salaam la miaka ya 2000 mtoto wa leo anaweza asilijue, na la Nairobi likaenda kwa maana nyingine.

*Mimi na mwenzangu tumetofautiana.* Kila mmoja aonyeshe kidole kwenye mshororo. Asiyekuwa na mshororo wa kuonyesha anazungumzia maisha yake, na maisha yake yana haki ya kusikilizwa, lakini si tafsiri ya wimbo.

*Kila nikiusikiliza nalia, siwezi kuandika.* Uache. Wiki mbili, mwezi, hata zaidi. Shika wimbo wa mtu mwingine kwanza. Kuna wimbo mmoja niliutia kabatini miaka minne baada ya msiba nyumbani, na nilipoutoa ndipo nikagundua ulikuwa unamzungumzia aliyebaki, wakati mimi nilikuwa nausikia kwa ajili ya aliyekwenda.

*Ameuweka kwenye stetasi. Anamaanisha mimi?* Tazama kipande alichokikata. Mtu haweki wimbo mzima, huchagua, na kuchagua ndiko kusema kwake. Kama amekata kiitikio, huenda anaupenda wimbo tu kama mtaa mzima. Kama ameanzia katikati ya ubeti, mahali ambapo hakuna mtu angeanzia, pitisha mishororo hiyo kwenye hatua ya tatu, ya nne na ya sita. Halafu mpigie simu umuulize ni mshororo gani alioutaka usikie.